Mashuka ya Nyumba ya Wageni

Kila asubuhi, jua likiwa bado changa, Mama Dobi alikuwa ameshainama kwenye karai. Watu walimpa jina hilo kwa sababu ya kazi yake, naye alilipenda. Doa la mafuta, doa la wino, doa la damu, kila moja alijua dawa yake.

Sasa alikuwa amepata kazi kubwa: kufua mashuka meupe ya nyumba ya wageni. Meneja alimwambia mapema, "Mama, mgeni akikuta shuka chafu, anayetukanwa ni mimi. Nikitukanwa, natafuta dobi mwingine."

Mama Dobi alifua, akaanika, akapiga pasi, akakunja. Yote peke yake. Mgongo ukaanza kumuuma.

"Tafuta mtu akusaidie," mumewe alimwambia. "Ila mimi usinipe pasi. Nitaunguza nyumba."

Basi Mama Dobi akalibeba furushi zima la mashuka makavu, akampelekea jirani yake, Mama Pacha. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni tu.

"Nipigie pasi vizuri, jirani. Gari la meneja linakuja kesho saa nne asubuhi. Hata iweje, yawe tayari!"

"Usijali, dada. Yatakuwa tayari."

Kesho yake Mama Pacha alikuja na furushi kichwani. Alikuwa amelifunga kwa shuka lake mwenyewe, safi kabisa, ili vumbi lisiingie. Lakini uso wake ulikuwa umesawajika.

"Dada, nisamehe. Fungua uone."

Mama Dobi akafungua. Shuka la juu lilikuwa na vitone vyeusi. La pili pia. La tatu lilikuwa na baka la kijivu, kubwa kama sahani.

"Mungu wangu! Umeyafanya nini?"

"Umeme ulikatika jana mchana, haukurudi. Nikaazima pasi ya mkaa. Masizi yakadondoka. Haya manne nilijaribu kuyafuta kwa kitambaa cha maji, ndiyo yakazidi."

"Pasi ya mkaa! Kwenye mashuka meupe! Ndiyo akili gani hiyo?"

Mama Pacha alitazama chini.

Makelele yale yakamtoa ndani wifi yake Mama Dobi. Wifi huyo alikuwa dada wa mumewe, msimamizi wa jikoni katika shule ya bweni, na siku hiyo alikuwa mapumzikoni.

"Wifi, punguza moto," alisema. "Hata hiyo pasi ya mkaa haikufikii."

"Niache, wifi! Simpi mtu kazi yangu tena, hata soksi!"

"Sawa. Lakini nijibu. Ulimwambia asitumie mkaa?"

"Si anajua!"

"Sikuuliza kama anajua. Ulimwambia?"

Mama Dobi akatikisa kichwa.

"Ulimwambia umeme ukikatika afanyeje?"

"Nilimwambia yawe tayari saa nne."

"Hata iweje," Mama Pacha alisema polepole. "Ulisema hata iweje, dada. Niliogopa gari lije, wewe ulaumiwe."

Maneno hayo yalimchoma Mama Dobi. Alilitazama lile shuka safi lililofungia furushi. Mwanamke huyu hakuharibu kazi kwa uzembe. Alikuwa amehangaika kutimiza alichoambiwa.

"Nisamehe na wewe, jirani," alisema. "Sasa tufanye haraka."

Mama Pacha akanyoosha mkono achukue kitambaa chenye maji.

"Hapana! Masizi yakilowa yanaingia kwenye nyuzi. Kwanza tunakung'uta, yakiwa makavu."

Wakashika shuka huku na huku, wakalikung'uta kwa nguvu. Vitone vilivyobaki, Mama Dobi aliviondoa kwa brashi laini. Wifi alikunja. Shuka moja likawa safi, kisha jingine. Lakini yale manne yaliyolowa hayakutakata, na saa nne ilikuwa inakaribia.

Mama Dobi akachukua simu.

"Meneja, mashuka manne yamepata masizi. Sitakuletea machafu. Nipe hadi kesho niyafue upya."

"Mengine je?" meneja aliuliza.

"Meupe kabisa."

"Basi vyumba viwili vitakaa wazi leo. Ni hasara, mama. Afadhali umeniambia kabla sijatandika. Lakini isijirudie."

Gari lilipoondoka, wote watatu walikaa chini kama magunia.

"Nifundishe, wifi," alisema Mama Dobi. "Wewe unawezaje na wapishi wote wale?"

"Kile ambacho wateja wanakufuatia, usikitoe. Wewe wanakufuata kwa madoa, hayo baki nayo. Pasi mpe mwenzako. Lakini ingia kwake, uone meza na pasi yake. Mpe shuka moja ulilolikunja mwenyewe, aige hilo. Mpatane malipo na siku. Mpe machache kwanza, uyakague. Na mwambie, akikwama akuite, asijitafutie njia."

"Halafu?"

"Halafu mwache afanye! Usimkae mgongoni kama mama mkwe."

Mama Pacha akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Wakafanya hivyo. Mama Dobi alikagua mashuka ya kwanza, akaona pindo moja limepinda, akaonyesha. Yaliyofuata yalinyooka.

Wiki iliyofuata, mchana, redio ya jirani ilinyamaza ghafla. Umeme umekatika! Mama Dobi akasimama, povu likimchuruzika mikononi. Kabla hajatoka, Mama Pacha alikuwa mlangoni.

"Dada, umekatika. Nimesimama hapo hapo. Nusu ya mashuka nimeshayapiga pasi."

Mama Dobi alimpigia meneja.

"Gari litachukua hiyo nusu sasa," meneja alisema. "Nyingine nitaichukua jioni. Na mama, tumeongeza vyumba. Utaweza?"

"Tutaweza," alijibu.

Umeme uliporudi, Mama Dobi alishindwa kutulia. Akaenda hadi kwa jirani akague. Akainua mkono abishe hodi. Ndani alisikia pasi ikipita juu ya kitambaa, taratibu, na Mama Pacha akiimba kwa sauti ya chini.

Akaushusha mkono. Akageuka, akarudi kwenye karai lake.