Fanta Zilizorudi Louisville

Siku ile uwanja wa ndege wa Louisville ulijaa hadi pa kukanyaga pakakosekana. Upande mmoja kanisa zima la Wakongomani lilikuja kupokea familia mpya kutoka kambi ya wakimbizi, akina mama wamevaa vitenge vya sare, kwaya inaimba. Upande wa pili timu ya chuo ya mpira wa kikapu ya wasichana ilikuwa imerudi kutoka kufungwa, kila mmoja kanuna. Nyuma yao Wanza, kocha msaidizi, Mkamba wa Kitui, mrefu, ndani ya suti ya michezo ya kijivu, aliburuta mfuko wa mipira peke yake, kwa sababu kwenye kazi ile msaidizi ndiye punda. Mfuko ukafunguka, mipira ikaingia kwenye kwaya.

Eliezer Kataliko, mzaliwa wa Bukavu, suti nyekundu iliyokolea na viatu vilivyochongoka, akaukanyaga mmoja.

"Dada, batoto yako banakimbia."

"Nirushie basi, usihubiri."

Akaurusha, ukampiga Wanza kwenye paji la uso. Ndivyo walivyojuana. Mimi nasema ile ilikuwa ishara tosha, lakini wapendanao wana masikio basi?

Eliezer aliendesha mashine ya kunyanyua mizigo ghalani. Alimpenda Wanza kwa vicheko vyake, kwa shingo yake, na kwa jinsi alivyokula fufu huku akiilalamikia kuwa si ugali. Kikwazo kilikuwa kimoja tu: simu. Kazi ya kocha msaidizi si kufundisha tu, ni kuwabembeleza mabinti wa watu waje kuchezea chuo chako, na kuwabembeleza wazazi wao zaidi. Siku nzima Wanza alikuwa na sauti ya asali sikioni mwa mama fulani wa mbali, na Eliezer mbele yake sahani inapoa.

"Chérie, hiyo sauti ni yangu ao ya mama ya mchezaji?"

"Yako nimekuwekea nyingine, mpenzi. Dakika mbili."

Dakika mbili za Wanza, jamani, mtu angeweza kupika maharage yakaiva.

Halafu kocha mkuu wa Louisville akafukuzwa. Kwenye kazi ile mkubwa akianguka, wasaidizi wote wanaanguka naye. Wanza akapata nafasi katika chuo kingine, Columbus, mwendo wa saa tatu na nusu kwa gari, na Eliezer akawa anaendesha kila Jumamosi kwenda kumtazama akiongea na simu. Mwaka ukapita hivyo. Mwisho Eliezer akasema imetosha, wazee waende wakajitambulishe kwa shangazi yake Wanza, Marion, aliyekuwa na nyumba Gahanna, nje kidogo ya Columbus. Wanza mwenyewe alichagua tarehe, Jumamosi ya Aprili, msimu umekwisha. Akaapa kwamba saa nane kamili angekuwepo.

Wakaja. Mzee Kataliko, babake Eliezer, na kofia yake ya heshima. Mama Nzigire, mamake, na kitenge kipya. Wajomba wanne, mbuzi aliyekwisha kukatwakatwa, na kreti mbili za Fanta za chupa zilizotafutwa duka kwa duka. Chupa hizo hazifunguliwi ovyo. Binti huitwa mbele ya watu, akaulizwa kama anawajua wageni hawa. Akisema anawajua, ndipo watu wanakunywa.

Saa nane Wanza hayupo. Saa tisa hayupo. Asubuhi ile kocha mkuu wa Columbus alikuwa amewaaga kwa ujumbe mfupi na kukimbilia chuo kikubwa zaidi, na wachezaji tisa walitaka kuhama pamoja. Wasaidizi wakaambiwa hakuna kutoka ofisini mpaka kila mzazi apigiwe. Wanza hakumwambia mtu, aliona atawahi. Saa kumi Shangazi Marion, kwa aibu, akaazima simu ya jirani, kwa kuwa ya kwake Wanza alikuwa haipokei, akaiweka sauti ya juu mbele ya wazee wote. Akamwambia Wanza kwamba wageni wanangoja jibu lake, je, anawajua?

Na Wanza, mwenye mama mmoja anayelia kwenye laini ya pili, akajibu kwa ile ile sauti ya asali: "Niko na wazazi hapa. Nitawapigia."

Akakata. Mzee Kataliko alivaa kofia yake, akatoka. Kreti mbili zikarudishwa garini, na zawadi kurudi ilikotoka ni aibu ambayo watu wa Bukavu hawaisahau. Eliezer alilia njiani, wajomba wakajifanya wanatazama mashamba. Wanza alipompigia, ilikuwa Jumatatu. Jumatatu! Hakupokea. Alhamisi Wanza akasaini kazi katika chuo cha Buffalo bila kumuuliza mtu, na Eliezer akazisikia habari hizo kwa Shangazi Marion. Nilitamani kuwagonganisha vichwa wote wawili.

Huko Buffalo Wanza alipanga chumba kitongoji cha Kenmore, akanunua koti nene, akalia ndani yake. Septemba alikwenda nyumbani kwa familia moja ya Wakongomani kumwomba binti yao, Précieuse, mchezaji wa ulinzi mwenye mikono ya haraka, aje kuchezea chuo chake. Mama wa binti akamuuliza swali ambalo wazazi wote huuliza: ukiondoka, mutoto yangu atabakia na nani? Wanza akajibu kama siku zote, siendi popote. Yule mama akacheka.

"Kocha, weye ulishaacha miji ngapi?"

Wanza alipofika kwenye gari akampigia Eliezer. Safari hii akapokea.

"Nimekukosea," Wanza akasema. "Nimewakosea wazee."

"Baba anasema hatatoka tena. Mwenye anatuhitaji, akuje."

"Basi nakuja."

"Mwanamke? Kuniomba mie?"

"Kazi yangu ni kuomba watoto wa watu, Eliezer. Sikuwahi kumwomba ninayemtaka mwenyewe."

Akaendesha mwendo wa saa nane, njiani akamchukua Shangazi Marion Gahanna, wakaingia sebuleni kwa Mzee Kataliko, Louisville, wamevaa vitenge. Wajomba walinung'unika kwamba dunia imegeuka. Kwenye kona, Wanza akaziona: kreti mbili, vumbi juu, hata chupa moja haijafunguliwa. Akakalia ncha ya kiti, akaanza kusifu familia kwa asali yote aliyokuwa nayo.

"Acha hiyo sauti," akasema Mama Nzigire. "Ile tulishaisikia."

Mzee Kataliko akainama mbele.

"Donc, kocha wako mukubwa akifukuzwa, mutoto yangu atabakia na nani?"

Jibu la kazini lilikuwa tayari kinywani. Akalimeza.

"Sijui, Baba. Machi naweza kukosa kazi. Naweza kuitwa mji mwingine tena. Siwezi kukuahidi kwamba sitahama. Naahidi sitasaini popote kabla ya kumuuliza yeye, na akikataa, sisaini."

Macho ya Eliezer yalikuwa yamejaa maji. Mzee alimtazama mwanawe, kisha zile kreti; Shangazi Marion akaanza kuomba kimoyomoyo.

"Bon. Swali yetu ya Gahanna haijajibiwa. Unatujua?"

"Nawajua, Baba," Wanza akasema. "Nawajua."

Hapo hapo simu yake ikalia mezani. Kocha mkuu wa Buffalo, jina lake linawaka mbele ya wazee wote. Mkono wa Wanza ukaenda nusu njia, ukarudi mapajani. Mama Nzigire akaichukua yeye, akaiweka sikioni.

"Allô? Bon. Eko na bageni. Atakupigia."

Akakata, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake, kisha akamwambia Eliezer alete kifungua chupa.