Shokamzoba ya Kulia

Kila siku baada ya masomo, Nimeelewa alipitia gereji ya shangazi yake kabla ya kwenda nyumbani. Alivua sare nyuma ya kabati la vipuri, akavaa ovaroli iliyomzidi urefu, akakunja mikono yake mpaka viganja vikaonekana, kisha akaanza kupanga spana kwa ukubwa. Nimeelewa halikuwa jina lake la nyumbani. Alibandikwa jina hilo na wenzake wa darasa la sita, kwa sababu mwalimu hakuwahi kumaliza kueleza jambo bila yeye kudakia, "Nimeelewa!" Akiulizwa baadaye ameelewa nini, alitazama dari. Tabia hiyo iliwaudhi watu wengi, lakini mwenyewe aliiona kuwa ni wepesi wa akili.

Wiki hiyo katikati ya gereji palikuwa na gari la ukoo: sedani kuukuu ya kijivu aliyoiacha marehemu babu. Babu alikuwa akiliendesha kwenye barabara za mawe, hivyo alisokomeza vipande vya raba juu ya springi ili tumbo la gari lisigonge chini. Tangu hapo gari lilisimama juu juu, kama mtu aliyekunja suruali kuvuka dimbwi. Aidha, shokamzoba zake za mbele, zile zinazopunguza mtikiso, zilikuwa zimechoka. Kila lilipopita kwenye tuta, ya upande wa kushoto ilitoa mlio mkali uliowafanya mbwa wa mtaani wabweke. Kaka yake Nimeelewa, ambaye alikuwa kinyozi, ndiye aliyekuwa akiliendesha sasa.

Taabu ilikuwa ni goti la bibi. Alikuwa amefanyiwa upasuaji, na daktari alisema lazima apelekwe hospitali kila Jumamosi kufanyishwa mazoezi, la sivyo goti lingekakamaa na asingetembea tena vizuri. Lakini kiti cha gari kilikuwa juu mno kwake. Jumamosi iliyopita majirani wawili walimnyanyua wakamweka ndani, na mmoja akapiga kelele kwa mzaha, "Mzigo umeingia, twende!" Watu walicheka. Bibi hakucheka. Aliporudi alisema, "Mimi si gunia la mkaa. Jumamosi ijayo nikishindwa kupanda kwa miguu yangu mwenyewe, siendi." Na wote walijua kwamba bibi akishasema, amesema.

"Basi gari lishushwe!" kaka alisema, kwa furaha iliyotia shaka.

Shangazi, ambaye ndiye aliyekuwa fundi, alitoka chini ya lori na kumtazama mpwa wake. Kinyozi huyo alikuwa ameshika springi nne fupi alizoazima kwa rafiki yake, fupi kama vikombe vya kahawa.

"Unamshushia bibi au unajishushia mwenyewe?" shangazi aliuliza.

"Bibi, shangazi! Haki ya nani!"

"Na hivyo vidude ulivyoshika?"

"Hizi ndizo zenyewe. Zitalilaza gari chini kabisa."

"Zitalilaza, na bibi atalala humo humo. Kuingia ataingia kama anayetumbukia kisimani. Kutoka je? Utamvuta kwa kamba?"

Kaka alikuna kichwa. "Basi tuzikate hizi za zamani kidogo."

"Ndiyo maana wewe ni kinyozi, unawaza mkasi tu. Nywele ukizikosea zinaota. Springi haioti."

Nimeelewa alicheka mpaka akaangusha spana. Kaka alinuna. Alikuwa ameota kuendesha gari lililolala kama yale ya vijana wa barabara kuu, na sasa ndoto yake ilikuwa inapimwa kwa goti la mwanamke mzee.

Na ndivyo hasa ilivyopimwa. Shangazi alimtuma Nimeelewa nyumbani na kipande cha uzi, akapime kiti cha jikoni ambacho bibi huketi na kuinuka bila kushikwa mkono. Nimeelewa aliifanya kazi hiyo vizuri, maana kwa mikono hakuwa na mchezo. Alifunga fundo kwenye uzi mahali kiti kilipofikia, akarudi mbio. Shangazi aliusimamisha uzi kando ya kiti cha gari, akaona kimezidi fundo kwa kiasi cha upana wa kiganja.

"Tunataka springi zitakazolishusha kiganja kimoja, si zaidi," alisema. "Na springi peke yake haitoshi. Lazima iwe na shokamzoba ya kimo chake. Springi fupi kwenye shokamzoba ndefu hucheza kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake. Gari litarukaruka, na goti la bibi ndilo litakalolipa."

"Nimeelewa," alisema Nimeelewa.

Springi za kimo hicho zilipatikana kwa muuza vipuri, mzee mmoja mwenye duka lililojaa vyuma mpaka mlangoni. Za nyuma zilifungwa Alhamisi pamoja na shokamzoba zake. Zikabaki za mbele, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Jioni hiyo mashine ya kusaga chuma ilikuwa inapiga kelele. Nimeelewa alishavaa sare yake na alikuwa karibu na lango, akiwaza mihogo iliyokuwa ikimsubiri nyumbani. Shangazi alimpazia sauti kutoka ndani, "Mwambie kaka yako, shokamzoba ya kushoto ninayo, fupi kama tunavyotaka. Mteja aliagiza akaghairi. Kwa hiyo kesho anunue ya kulia!"

Mashine ilimeza nusu ya maneno. Kilichomfikia Nimeelewa ni "shokamzoba," halafu, "kesho anunue ya kulia."

"Umesikia?"

"Nimeelewa, shangazi!"

Hakurudi nyuma hata hatua moja. Njiani aliligeuza lile neno kichwani mwake. Ya kulia. Ya kulia ni ipi? Si ile inayolia! Nani asiyejua mlio ule? Aliridhika na akili yake mwenyewe, akaongeza mwendo kuifuata mihogo.

Ijumaa mchana walisimama mbele ya meza ya muuza vipuri. Mzee alivaa miwani na kuuliza, "Upande gani?"

Kaka alimgeukia mdogo wake. "Shangazi alisemaje?"

"Alisema inunuliwe badala ya ile inayolia."

"Inayolia ni ya kushoto," kaka alisema.

"Mna hakika?" mzee aliuliza. "Shokamzoba za gari hili hazibadilishani upande. Tazameni kikono hiki, ndicho kinachoshika mpira wa breki. Ya kushoto ni ya kushoto."

Kaka alitoa simu. "Ngoja nimpigie shangazi."

Hapo palikuwa na nafasi ya dhahabu. Nimeelewa alihisi kitu kama mwiba moyoni, maana alijua hakusikia sentensi nzima. Lakini kukubali kwamba hakusikia mbele ya mzee yule mwenye miwani? "Huna haja," alisema. "Nimeelewa vizuri kabisa."

Kaka, ambaye naye hakupenda kuchekwa na shangazi kwenye simu, aliirudisha mfukoni. Mzee akaifunga ya kushoto kwenye gazeti, wakaondoka nayo.

Walipofika gereji, shangazi alikuwa ameshafungua miguu yote miwili ya mbele ya gari. Gari lilikuwa juu ya jeki, magurudumu yamelazwa kando. Alifungua gazeti. Akatazama. Akaichukua ile nyingine iliyokuwa mezani, akaziweka pamoja. Vikono vyote viwili vilielekea upande mmoja.

"Nini hiki?" alisema. "Mmeniletea kushoto ya pili! Gari hili lina kushoto mbili?"

Kaka aliruka. "Yule mzee! Katuuzia siyo! Katuona sisi watoto!"

Kabla shangazi hajamzuia, alishampigia muuza vipuri. Alifoka kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Alimwita tapeli. Alimwita mwizi. Upande wa pili alisikika mzee akisema, "Kijana, niliwauliza," lakini kaka hakumpa nafasi. Alikata simu, akaipiga teke ndoo ya oili chafu, ikamwagikia viatu vyake vyeupe.

"Basi tukunje hicho kikono kwa nyundo," alisema huku anapangusa viatu, karibu kulia. "Au turudishe ile ya zamani upande huo. Bibi anatakiwa hospitali kesho asubuhi!"

"Kinachoshika mpira wa breki hakikunjwi kwa nyundo," shangazi alijibu kwa hasira. "Na sifungi mguu mmoja mfupi na mwingine mrefu, gari likachechemea kuliko bibi. Nimesema ya kulia. Neno gani jepesi kuliko hilo?"

Nimeelewa alikuwa amesimama nyuma ya tairi. Alitamani aendelee kunyamaza, maana mwizi alishapatikana na mwizi huyo hakuwepo. Lakini sauti ya mzee kwenye simu, ile ya "niliwauliza," haikumtoka masikioni. Kweli aliwauliza. Aliwauliza vizuri, na kikono akawaonyesha.

"Shangazi," alisema, "siyo yeye. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Sikusikia yote jana. Nilisikia 'ya kulia', nikadhani ni ile inayolia. Na dukani kaka alitaka kukupigia, mimi nikamzuia."

Kaka akashika kichwa kwa mikono miwili. "Inayolia! Mungu wangu! Inayolia!"

Shangazi hakucheka, ingawa midomo ilimchezacheza. "Si ungerudi hatua kumi ukaniuliza?"

"Niliona aibu."

"Haya. Aibu yako sasa tumegawana wote, na sehemu kubwa amepewa mzee wa watu. Nendeni kwake. Nyote wawili."

Duka lilikuwa karibu kufungwa. Wateja watatu walikuwa mbele ya meza, na ilionekana kwamba walikuwapo wakati simu ilipopigwa, kwa sababu waliwapisha njia kwa macho ya ajabu. Nimeelewa alimwamkia mzee shikamoo. Mzee aliitikia marahaba bila kuinua uso. Juu ya kichwa chake palikuwa na kibao: Mali ikishauzwa hairudi.

"Babu, kosa ni langu," Nimeelewa alisema. "Uliniuliza kama nina hakika, nikasema ninayo. Sikuwa nayo. Tulitakiwa kununua ya upande wa kulia."

Mzee aliigeuza shokamzoba, akaona haijaguswa na spana. "Chuma hiki kinaweza kurudi," alisema. "Ningekikataaje, na hakijafungwa? Lakini kuna kitu kingine kilitoka kwenu leo. Nimeitwa mwizi mbele ya watu hawa. Neno hilo nalo mtalirudisha vipi?"

Kaka alitazama viatu vyake vyenye oili. Kisha akawageukia wale wateja watatu, akasema kwa sauti ya kusikika kama ile ya kwenye simu, "Mzee huyu hakutuibia. Nilimtukana bila kuuliza. Naomba radhi." Halafu akamgeukia mwenyewe, "Nisamehe, mzee wangu." Masikio yalikuwa yamemwiva kwa fedheha.

Mzee aliingia nyuma, akarudi na ya kulia. Aliiweka mezani na kumwambia Nimeelewa, "Hebu nionyeshe kikono kiko wapi." Nimeelewa alikionyesha. "Na ukikaa kwenye kiti cha dereva, shokamzoba hii itakuwa upande gani wako?" Alifikiri, akainua mkono wa kulia. "Haya, nendeni."

Shangazi alizifunga zote mbili kabla giza halijaingia. Gari likateremka kutoka kwenye jeki na kutulia mahali pake.

Asubuhi lilisimama mbele ya nyumba. Majirani wale wawili walisogea, tayari kunyanyua. Bibi aliwaonyesha kiganja, wakabaki walipo. Alikigeuzia mgongo kiti, akaketi kama anavyoketi jikoni, kisha akaingiza mguu mzima, na baada yake ule wenye goti, polepole, akiushika kwa mikono yake mwenyewe. Hakuna aliyefanya mzaha.

Alimwita Nimeelewa dirishani. Shangazi alikuwa ameshamweleza yote.

"Mjukuu wangu," bibi alisema, "kutosikia si kosa. Mimi mwenyewe siku hizi sisikii vizuri, na ninauliza mara mbili. Ungesema 'sijasikia', ungepoteza dakika moja tu. Ulisema umeelewa, na mtu mwema akaitwa mwizi. Uliposema kweli ilikuwa vyema, na mimi nashukuru, lakini kweli iliyochelewa hukuta mtu ameshaumia. Siku nyingine iseme mapema. Umenisikia?"

"Nimekusikia, bibi."

"Nimesema nini?"

Nimeelewa alimrudia maneno yote, moja baada ya jingine, bila kutazama juu. Bibi alitikisa kichwa kwa kuridhika, akamgusa begani kaka aliyeshika usukani.

"Tukitoka hospitali," alimwambia, "unipitishe kwa yule mzee wa vipuri. Nataka anione nikishuka."