Utando wa Yusta

"Kuhe, Kuhe, jibu."

Kuhe hakujibu. Redio yake ya Motorola ilikuwa chini ya kiatu cha Daktari Anatoli, na kiatu kiliikanyaga taratibu, kama mtu anayeua mende.

Kuhe ni samaki wa ziwani, na ndilo jina lake la kazini. Nyumbani anaitwa Yusra, mzaliwa wa Ujiji, jasusi wa serikali. Alikuwa amefungwa kamba mikono ndani ya banda la nyavu, bastola ya Anatoli, Glock, ikimtazama usoni. Kwenye upenyo wa mlango aliona mitumbwi imevutwa yote nchi kavu. Mbele yake lilikaa deli jeupe la barafu alilolifuatilia tangu kambi ya wakimbizi.

Ndani ya deli, chupa. Ndani ya chupa, utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu.

Ulikuwa wa Yusta, mtoto wa kambini mwenye miaka saba. Mwaka ule Warundi walipovuka kwa maelfu, moto wa hema ulimbabua shingo na kifua. Madaktari walichukua seli chache za ngozi yake iliyosalimika, wakazilea maabara, nazo zikafuma wavu wa kujizunguka zenyewe. Kisha wakaziosha zikatoka zote, ukabaki wavu mtupu. Ukilazwa juu ya kidonda, seli za mtoto huhamia humo, zikautambua kuwa ni kwao, na mwili haukatai. Plastiki haijawahi kukaribishwa hivyo. Ila ukikosa baridi unaoza, na mwingine haukuwepo.

Anatoli, mtu wa ng'ambo mwenye udaktari wa kujipachika, alikuwa ameuiba ili auvushe ziwa, akauchambue na kuutangaza kuwa ni uvumbuzi wake. Mtoto? Shauri yake.

Kilichomkera ni boti ya doria. Alimuuliza Yusra polisi huwapitisha watu gani bila kupekua. Yusra akageuza uso. Akapigwa kofi, akaugeuza tena. Ndipo Anatoli akaitoa chupa na kuinyanyua juu ya jiwe.

"Usiivunje, ni ya mtoto, hana nyingine," Yusra alisema, na machozi yalikuwa ya kweli. "Waambie mmebeba dagaa wabichi, wa usiku wa jana. Hawatawachelewesha waharibike."

Nyuma ya Anatoli alisimama Mzee Dismasi, nahodha wa kukodiwa, mtu wa hapohapo. Alimtazama Yusra. Akafungua mdomo.

Akaufunga.

Chupa ikarudishwa ndani ya deli, wakamtupa Yusra pamoja nalo kwenye sanduku la samaki la boti, wakammwagia barafu, wakafunga kifuniko. Injini ya Yamaha ikanguruma.

Giza. Baridi. Hewa ya kuombaomba.

Deli lilikuwa limepasuka kwa kutupwa, maji yakivuja. Yusra akasukuma barafu kwa miguu, akalizungushia. Miguu ikafa ganzi, akaendelea. Aliogopa, tena sana, lakini si baridi. Aliogopa mdomo wa Dismasi. Neno moja la yule mzee, yeye angekuwa chakula cha samaki na Yusta angebaki na kidonda chake.

Injini ikapunguza mlio.

"Mmebeba nini?" Sauti ya Sajenti Nikodemu wa doria.

"Dagaa wabichi," Anatoli alijibu kwa kujiamini. "Wa usiku wa jana."

Boti nzima ya polisi ikaangua kicheko.

Maskini daktari! Dagaa wa Kigoma huvuliwa kwa taa, gizani. Mbalamwezi ikiwaka hawaifuati taa ya mtu, na wavuvi huvuta mitumbwi nchi kavu, wakashona nyavu na kulala na wake zao. Na usiku wa jana mwezi ulikuwa wa kuokota sindano. Asiyejua maana haambiwi maana.

Bunduki zikakokiwa.

Kifuniko kilipofunguliwa, jua lilimchoma Yusra machoni. Hakuomba maji wala blanketi. Aliomba afunguliwe mikono, akaigusa chupa.

Baridi. Alhamdulillahi.

Ufukweni, Anatoli akiwa kwenye pingu, Yusra alimfuata nahodha.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

Akamuuliza kwa nini alinyamaza. Dismasi aliendelea kufunga kamba ya boti.

"Aliniajiri niendeshe boti. Habari za dagaa hakuniuliza."

Kisha akachota barafu iliyobaki, akalijaza deli mpaka juu, akaufunga ule ufa kwa kitambaa cha shingoni mwake.

Yusra alichechemea hadi kwenye Land Cruiser, deli mapajani, akaazima redio ya sajenti.

"Kuhe hapa. Mwambieni mtoto ngozi yake inakuja."