Tangi la Dada Lilikuwa na Kiu

Nilikwenda kwa Dada siku ya Alhamisi, saa kumi na moja na nusu jioni, begi la vifaa begani na maziwa yakinivuja kifuani. Mwanangu alikuwa na miezi minne. Nilimwachia baba yake chupa mbili nilizokamua, nikamwambia, "Saa moja nimerudi."

Ilikuwa kazi ndogo tu.

Mimi ni fundi wa mitambo midogo ya maji. Matangi ya juu ya nyumba, mipira ya bustani, vyombo vya kunyweshea kuku... popote panapotakiwa maji yajazwe bila mtu kukaa kuyalinda, naitwa mimi. Mtaani jina langu ni Fundi Boya, kwa sababu ya yale maboya ya kwenye matangi. Wenye midomo yao wanasema jina lina maana nyingine, ile ya mtu mjinga. Siku ile walikuwa sahihi.

Dada ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa na miaka sita, yeye kumi na tisa. Alinisuka nywele, alinifulia sare, alivaa raba zilizotoboka ili mimi nipate viatu vya shule. Dada akiniita siulizi mara mbili.

Sebuleni kwake kulikuwa na tangi la kioo la samaki wa baharini, lililoachwa na marehemu shemeji. Refu kama kitanda, ndani yake matumbawe na samaki wa rangi ya machungwa. Tangi la namna hiyo hupungua kila siku, maji yanapogeuka mvuke. Chumvi haiondoki nayo, inabaki. Kwa hiyo unarudishia maji yasiyo na chumvi, kidogo kidogo, la sivyo samaki wanakufa. Dada alikuwa akirudishia kwa jagi. Kila magharibi, kwa mkono wake, kwa miaka sita. Hakuwahi kulala nje ya nyumba ile. Hata kwenye harusi yangu aliondoka kabla keki haijakatwa.

"Nikajaze maji," alisema. Tukamcheka.

Wiki ile alinipigia simu mara nne. Njoo unifungie mashine, mdogo wangu, nimechoka. Mara ya nne aliuliza, "Bado unanyonyesha?"

"Ndiyo, Dada."

"Maziwa yanatosha?"

"Yanamwagika! Nalowesha blauzi tatu kwa siku."

Tukacheka wote. "Haya," alisema. "Njoo Alhamisi."

Alinifungulia mlango kabla sijabisha.

"Umechelewa."

"Dada, hata saa kumi na mbili bado."

Alikuwa amekonda. Midomo imepasuka, ngozi ya mikono imekauka kama karatasi ya kufungia sabuni. Taa za sebule hazikuwashwa. Mwanga pekee ulikuwa ule wa bluu juu ya tangi. Nilisikia harufu ya bahari, na chini yake harufu nyingine... sikuijua.

Nikaanza kazi. Vihisi viwili, pampu ndogo, na kiboksi cha kuviongoza. Kihisi cha kwanza kinaona maji yamepungua, pampu inawaka, inavuta kutoka kwenye pipa la lita ishirini. Kihisi cha pili kinakaa juu kidogo: pampu ikigoma kuzima, kinakata umeme kabla sebule haijageuka bwawa. Kazi ya saa nzima, ukienda polepole.

Nikachora mstari kwenye kioo pale maji yalipofika. Nikageuka kuchukua bisibisi.

Nikageuka tena.

Maji yalikuwa vidole viwili chini ya mstari.

Nikapiga magoti. Nikapitisha kitambaa chini ya tangi, kwenye pembe zote, nyuma ya kabati lake. Kikavu. Tangi lile lilipaswa kupoteza kiasi hicho kwa siku nzima. Halafu nikasikia.

Gluk.

Kimya.

Gluk... gluk...

Kama koo.

Ilitoka kwenye pembe ya kushoto, nyuma ya tumbawe kubwa. Ndipo nilipogundua kwamba samaki wote walikuwa upande wa kulia. Wote. Wamebanana kama watu waliokimbilia mlangoni.

"Dada, maji yanakwenda wapi?"

"Funga tu," alinong'ona. "Jua linazama."

Nikafunga. Nilifunga kwa sababu ni yeye aliyesema. Kiboksi kikaunganika na simu yangu. Kikauliza jina la mwenye mtambo, nikaandika lake.

"Futa," alisema. Alikuwa amesimama nyuma yangu, karibu sana. "Andika lako."

"Tangi ni lako."

"Mimi na hizo simu zenu wapi na wapi? Andika lako."

Nikaandika langu. Kikabaki kitu kimoja: kujaza tangi mpaka kwenye mstari ili mtambo ujue mahali pa kusimama. Dada akaninyooshea jagi.

"Mimina wewe."

Lilikuwa la moto. Si kwa maji ya moto, maji yalikuwa baridi. Mpini ndio uliokuwa na joto, joto la mwili. Nikainamisha jagi pale pembeni.

Kuna kitu kililipokea.

Sijui niseme vipi. Maji hayakumwagika, yalivutwa. Mdomo wa jagi uligusa maji na mkono wangu ukaenda nao chini, mpaka kifundo. Ile harufu ikanipanda usoni na sasa nikaijua: harufu ya kinywa cha mtu aliyekaa siku nyingi bila kula wala kunywa.

Nikachomoa mkono. Pampu ikawaka yenyewe, ikanguruma taratibu, ikazima. Maji yakatulia kwenye mstari.

Nyuma yangu mtu alikuwa analia.

Lazima nieleze. Shemeji alipozikwa, miaka mitatu nyuma, Dada hakutoa chozi hata moja. Watu walisema mengi. Mimi niligombana nao, nikasema kila mtu ana msiba wake. Sasa nilimwona akilia machozi makubwa, ya kudondoka, yakipita mashavuni mpaka kidevuni, naye anayalamba. Analamba na kucheka.

"Asante, mdogo wangu," alisema.

Hakunitazama.

Nilifika nyumbani saa moja kasoro. Mtoto alikuwa na njaa. Nikamweka kifuani. Akavuta. Akaacha. Akavuta tena, kisha akapiga kelele ambazo sijawahi kumsikia akipiga.

Nikajibana kwa vidole. Hakuna hata tone. Asubuhi blauzi ilikuwa imelowa, na sasa kifua kilikuwa kimelala kama mfuko uliotolewa vitu. Nilitaka kulia. Macho yaliwaka moto, lakini hayakutoa kitu. Ulimi ulinata kwenye kaakaa. Nilikunywa chupa nzima ya maji, na nyingine, na nyingine, mume wangu akasema nitapasuka.

Kule kliniki muuguzi alisema ni uchovu. Akanielekeza maziwa ya kopo. Vipimo vyote vilikuwa safi.

Na kila magharibi simu iliniletea ujumbe: *Pampu imewaka. Sekunde arobaini.*

Siku ya kumi na mbili nilirudi kwa Dada. Nilimkuta mlangoni, masanduku mawili yamefungwa. Nilikaribia kumpita nisimjue. Uso umejaa, ngozi inang'aa. Alikuwa akitoka jasho na kulifuta kwa leso, analitazama lile jasho kwenye leso kama mtu anayetazama pete mpya.

"Nini kimo mle ndani?" niliuliza.

"Ingia, watu wasisikie."

Tukasimama sebuleni. Yeye alisimama mbali na tangi.

"Sijui ni nini," alinong'ona. "Shemeji yako aliletewa tangi na mwenzake wa kazini aliyekuwa anahama. Wiki ya pili ya ndoa yetu akanikabidhi jagi, akasema, mke wangu, kazi hii nakuachia wewe. Nilidhani ni mapenzi."

"Ungezima. Ungelivunja."

"Nilichelewa siku moja. Moja tu, foleni ilinikamata. Asubuhi nikamkuta shemeji yako kitandani, midomo imepasuka, kikombe cha maji kimejaa mkononi. Kikicheleweshewa maji hakiendi kwa anayejaza, mdogo wangu. Kinakwenda kwa anayeishi naye."

Nilimfikiria mwanangu.

"Na mashine?"

"Nilidhani mashine ingebeba peke yake. Akasema mashine haina maji mwilini. Lazima iwe na mwenyewe."

"Nani alisema?"

Dada akatazama ile pembe ya kushoto. Sauti yake ikashuka mpaka nikawa nasoma midomo tu.

"Yeye. Huchagua wa kuongea naye. Magharibi, maji yakitulia."

"Kwa nini mimi, Dada?"

Nje mtu alipita na baiskeli, kengele ikalia mara mbili.

"Kwa nini *mimi*?"

"Alitaka mtu mwenye maji mengi," alisema.

Aliniuliza kwenye simu. Maziwa yanatosha? Na mimi nikajibu kwa furaha, kwa sababu aliyekuwa anauliza ndiye pekee duniani niliyemwita mama baada ya mama.

Nikachukua jagi kutoka juu ya kabati. Nikamnyooshea.

"Mimina mara moja, lirudi kwako. Nikamnyonyeshe mtoto mwezi mmoja tu, halafu nitarudi, nitalipokea mwenyewe. Naapa nitalipokea."

Akaficha mikono nyuma ya mgongo. Upesi, mikono yote miwili, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Dada."

"Nimekulea," alisema. "Tangu una miaka sita, nimekulea."

Akasema hivyo tu, akabeba masanduku yake akatoka. Hakuacha namba. Sijui yuko wapi. Nasikia ameolewa tena.

Tangi nililihamishia kwangu. Watu wanaweza kunishangaa, lakini niliwaza kukatika kwa umeme, niliwaza pipa kukauka huku mimi niko mbali, niliwaza midomo ya mwanangu. Kwangu angalau naliona. Nimeweka betri ya akiba, pampu ya pili, na kengele ya kuniamsha. Ni mtambo bora kuliko yote niliyowahi kufunga. Mume wangu analipenda. Huwaleta wenzake wa kazini kuona samaki.

Sijamwambia kitu. Kila nikifungua mdomo, namwona akiliendea na nyundo.

Miezi saba imepita. Kila magharibi nakaa pale kwenye pembe, pampu ikizima, na kusikiliza. Kama Dada alisema kweli, basi ningesikia neno, hata moja. Sijasikia. Nilianza kufikiri huenda hakina sauti, huenda Dada alisingizia tu, na uamuzi ulikuwa wake mwenyewe. Sijui lipi ningependa liwe kweli.

Jana magharibi mwanangu alitambaa mpaka pale. Akashika kabati, akajivuta, akasimama. Mara yake ya kwanza kusimama. Nilitaka kupiga makofi.

Akaweka sikio kwenye kioo.

Mtoto wa miezi kumi na moja hatulii. Huyu alitulia. Alitulia kwa muda mrefu, mdomo wazi kidogo, macho yamesimama, vile mtu mzima anavyofanya akielekezwa njia na hataki kukosea.

Mlango ukafunguka. Mume wangu alikuwa amerudi kutoka kazini, mtu mkubwa, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Mtoto akatoa sikio kwenye kioo. Akageuka polepole. Akamtazama baba yake, akanyoosha kidole.

Kisha akanitazama mimi. Akasubiri.

"Heee, amesimama!" mume wangu alicheka. "Mbona ananinyooshea kidole? Anasema nini huyu?"