Midomo ya Bibi Mwenye Lulu

Sijawaomba mniamini, kwa hiyo acheni kuguna. Rafiki yangu Odessa ni kiziwi, lakini anasoma midomo kuliko ninyi mnavyosoma magazeti. Alasiri moja, hapa hapa Chicago, alikuwa akipeleka kwa sonara mkufu wa lulu aliorithi kwa mama yake. Lulu moja ilikuwa imepotea, pengo likazibwa kwa kifungo cha shati. Mvua ikamkuta njiani, akaingia sinema na mkufu shingoni, akakaa nyuma kabisa, mgongo ukutani.

Kwenye filamu, ile ya bubu isiyo na sauti, kijana wa kitajiri alimkumbatia mchumba wake, bibi mwenye mkufu wa lulu, huku akimfungua mkufu huo ili amwibie. Maandishi ya kwenye pazia yakasema, “Nakupenda, malaika wangu.” Midomo ya yule bibi ikasema, “Unanuka vitunguu, mbwa wewe.”

Odessa akaangua kicheko, peke yake gizani.

Mtetemo wa piano iliyokuwa ikipigwa ukumbini kusindikiza filamu, aliokuwa akiusikia miguuni, ukakatika. Pale pale kwenye pazia, yule bibi akageuka, akamkazia macho Odessa, midomo ikasema, “Cheka tu, Odessa. Hebu jipapase shingo.”

Akajipapasa. Shingo tupu.

Akainua macho kwenye pazia. Yule mwizi alikuwa akiuangalia mkufu kwenye mwanga wa taa, na katikati ya lulu kilining'inia kifungo cha shati.