Sauti Iliyoingia Kwenye Mkanda wa Mama

"Sogea karibu, dada. Mkanda haung'ati," fundi wa video aliniambia ofisini kwake.

Nilisogea kidogo tu. Deki ya zamani ilikuwa ikizungusha mkanda wa harusi ya mama, na picha zikiingia kwenye kompyuta ya fundi polepole, kama watu wanaoamka usingizini. Baba, aliyefariki nikiwa mdogo, alipita kwenye kioo akitabasamu. Chenga zilimwangukia kama manyunyu.

"Haiwezi kwenda haraka?" niliuliza.

"Mkanda wa saa nzima unahama kwa saa nzima. Una haraka ya kuniacha?"

Nikatazama viatu vyangu. Yeye akazima spika.

"Mbona umezima?"

"Nikusikie wewe. Unaongea chini mno."

Nikatoka kununua maji, uso ukiniwaka. Niliporudi, alikuwa anakata simu. Mkanda ulipoisha akaondoa kwenye kompyuta vipande vya mwanzo vilivyochakaa, akanipa video kwenye flashi.

Jioni mama na shangazi walikaa mbele ya televisheni. Mama alitaka kitu kimoja tu, kusikia tena sauti ya mumewe. Baba akafungua kinywa, ikatoka sauti ya fundi:

"Kaka, nimekwama. Huyu dada wa mkanda nampenda, ila nikimwambia atakimbia. Natamani mkanda wake usiishe."

"Makubwa!" shangazi akapiga makofi. "Marehemu kaka yangu anamposea mtu!"

Mama hakucheka.

"Sauti ya mume wangu iko wapi?"

Nikamwandikia fundi: "Sauti ya baba haipo. Iliyopo ni yako."

"Mungu wangu! Kompyuta imerekodi sauti za ofisini badala ya za kwenye deki. Na mimi nilizima spika, sikugundua. Umesikia yote?"

"Mimi, mama na shangazi."

Akajibu: "Mkanda wenyewe ni mzima. Njooni kesho. Nisamehe."

Kesho yake nilikwenda na mama. Fundi hakuthubutu kututazama. Alichomeka waya wa sauti, akafungulia spika mpaka mwisho.

"Nimemkubali, kwa moyo wangu wote," baba akasema.

Mama akafumba macho.

"Hata mimi," akamjibu, taratibu, kana kwamba wako wawili tu mle ndani.

Mkanda ulipoisha, fundi akashika kipanya.

"Mama, ile video yenye kosa naifuta sasa hivi."

"Muulize mwenyewe," mama akasema, akinielekeza kidole.



"Usiifute," nikasema.

"Kwa nini, dada?"

"Watoto wakiuliza tulianzaje, tutawaonyesha nini?"

Fundi akaachia kipanya. Mama akainamia mkoba wake, akajifanya anatafuta kitu.