Wizi wa Sauti ya Emérance

Jumapili, saa tatu asubuhi. Cabramatta, ughaibuni.

Chumba cha nyuma ya duka kilinuka dagaa. Rodrigue alichora ramani kwa kidole kwenye unga wa muhogo uliomwagika mezani. Mlango. Ukumbi. Chumba cha mitambo.

"Blaise iko kanisani mpaka saa sita," alisema. "Code ya mlango ninayo. Tunaingia, tunabeba ile drive, tunatoka. Easy."

"Na king'ora?" aliuliza Kokushubila.

"Code inazima yote, dada. Relax."

Rodrigue ndiye mpiga ngoma wa bendi. Kokushubila, Mhaya asiyependa masihara, alipiga gitaa. Balthazar alipiga besi. Albamu yao ya roki, nyimbo nane, ilikuwa ndani ya diski moja tu, kule studio ya Ingleburn. Aliyeziimba zote ni Emérance, mke wa Balthazar, waliyemzika mwezi wa tatu. Blaise, mwenye studio na mwenye mkataba, alishatamka wazi: Jumatatu anaifuta sauti ya marehemu, anaweka binti mwingine. Maiti hapandi jukwaani, alisema.

Balthazar alikwenda kumsihi. Alipiga magoti, mwanamume mzima wa Uvira. Blaise akamwonyesha mlango. Hasira hasara, lakini nani angethubutu kumwambia hivyo? Hakuwa na sauti nyingine ya mkewe popote duniani.

"Hakuna mtu ataumia," alisema Rodrigue akiufuta unga kwa kiganja.

Balthazar aliingiza mtaimbo ndani ya koti. "Hiyo aamue Blaise."

Saa nne na nusu. Ingleburn.

Maghala yalikuwa yamefungwa, mtaa mtupu. Rodrigue alibonyeza namba, mlango ukaachia. Gari walikuwa wameliacha nyuma ya jengo, na Kokushubila akaenda moja kwa moja kuufungua mlango wa huko.

Diski ilikuwa mezani, imechomekwa kwenye mitambo. Balthazar akanyoosha mkono.

"Ngoja, vieux, mzee wangu," alisema Rodrigue. "Kama si yenyewe? Tuhakikishe kwanza."

Akabonyeza. Spika zikanguruma, na Emérance akaanza kuimba.

Balthazar aliganda. Ilikuwa sauti yake kabisa, ile yenye mkwaruzo, na pumzi aliyopenda kuivuta kabla ya kila mstari. Machozi yalimtoka hapo hapo.

"Tayari ni yenyewe!" alifoka Kokushubila. "Chomoa twende!"

Balthazar hakuweza. Bendi yao ilikuwa na mwiko mmoja, na aliyeuleta ni Emérance mwenyewe, kutoka kwaya ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu: wimbo ukianza haukatizwi. Mvua ipige bati, mtoto alie, mwimbaji akosee, mnakwenda mpaka mwisho. Walirekodi albamu nzima kwa mwiko huo. Na huu ndio ulikuwa wimbo mrefu kuliko zote. Rodrigue aliuchagua.

Balthazar alilielewa hilo alipomwona mwenzake akitazama saa yake badala ya mitambo.

"Unamngoja nani, Rodrigue?"

Rodrigue alirudi kinyumenyume, akauziba mlango wa nyuma kwa mgongo. Mlango wa mbele ukafunguka. Blaise aliingia na suti yake ya ibada, gongo mkononi.

"Polisi wako njiani," alisema. "Mkikamatwa humu, contract inawatupa nje. Bendi inabaki yangu na Rodrigue."

Kikulacho ki nguoni mwako.

Kokushubila hakungoja mahubiri. Alinyanyua stendi ya maikrofoni, akamtandika Rodrigue mdomoni. Meno yakaruka. Rodrigue akachomoa kisu, akamchana mkono. Balthazar akauchomoa mtaimbo kotini; gongo la Blaise likauangusha, kisha likashuka tena juu ya meza, juu ya mkono wake wa kushoto, ule wa kubana nyuzi. Vidole vikavunjika. Emérance alikuwa kwenye ubeti wa pili.

Balthazar alimpiga Blaise kichwa cha pua. Mtu mzima akaanguka kama gunia. Kwa mkono mzima Balthazar akaushika waya wa diski. Mkewe alikuwa katikati ya neno. Akauchomoa.

Kimya. Hata Rodrigue alisimama, damu ikimchuruzika kidevuni.

"Umemkatiza?" alinong'ona. "Balthazar, umemkatiza Emérance?"

"Nimemkatiza." Akamrushia Kokushubila diski. "Kimbia, Koku!"

Kokushubila alimpiga Rodrigue kikumbo, akatoka. Rodrigue aligeuka amfukuze. Balthazar alijitupa chini, akamkumbatia miguu. Kisu kikaingia ubavuni. Kikaingia tena. Hakuachia. Nje gari likawaka, matairi yakalia, likaenda.

Polisi walimkuta bado ameing'ang'ania ile miguu. Ilibidi wambandue kidole kimoja kimoja.

"Where's the drive, mate?" mmoja aliuliza diski ilipo.

Balthazar alikuwa akilia kwa sauti, bila haya. Kumkatiza mkewe kulimuuma kuliko kisu. Lakini Jumatatu ingefika, na Blaise asingekuwa na cha kufuta.